Tayarisha Bustani Kabla ya Mvua za Gu

Leo tunazungumzia bustani ya mboga ya nyumbani, hasa kazi ya mwezi wa Machi, kabla mvua za Gu hazijaanza.

Labda unajiuliza, bustani na afya vinahusianaje? Hapa Habaswein wengi wetu tumelelewa kwa maziwa na nyama. Lakini kiangazi kikizidi, mifugo huhamishwa mbali, na maziwa huondoka nayo. Hali hiyo tuliiona tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo. Mtoto anayebaki na wali, tambi na chai peke yake hukosa vitamini A na madini ya chuma. Akikosa vitamini A, haoni vizuri jioni, na surua ikimpata humlemea. Akikosa madini ya chuma, damu hupungua. Mama mjamzito naye yumo hatarini. Wengine husema majani ni chakula cha mbuzi. La, msikilizaji, majani ya mboga yana faida kwa binadamu pia.

Kwa nini uanze kabla ya mvua? Kwa sababu Gu ni fupi. Miche iliyolelewa kivulini wiki tatu au nne huipokea mvua ikiwa tayari na mizizi.

Kwanza, jaribu mbegu. Funga mbegu kumi katika kitambaa chenye unyevu kwa siku tano hadi saba. Zikiota saba au zaidi, ni nzuri. Mbegu zilizopakwa dawa ya rangi usizile, na uzifiche watoto wasizifikie.

Pili, tayarisha udongo. Changanya makarai matatu ya udongo na karai moja la samadi ya mbuzi iliyooza. Samadi mbichi huunguza miche.

Tatu, panda sukuma wiki katika beseni kuukuu lililotobolewa chini. Chora mistari, tia mbegu kina cha sentimita moja, funika, kisha weka kivulini. Miche ikifikisha majani manne au matano, ihamishie kwenye gunia lililojazwa udongo huo. Mbegu za mchicha ni ndogo mno: zichanganye na mchanga mkavu ndipo uzinyunyize. Kunde zipande moja kwa moja, kina cha sentimita tatu.

Weka gunia mahali palipoinuka ili mafuriko yasilichukue, na uzungushie miiba kuzuia mbuzi. Mwagilia asubuhi na jioni. Maji uliyooshea mchele au mboga yanafaa. Maji yenye dawa ya kung'arisha nguo usitumie.

Mchicha na majani ya kunde huwa tayari baada ya wiki tatu au nne. Osha majani kwa maji safi. Yapike kwa muda mfupi, ukitia mafuta au samli kidogo, kwani vitamini A huhitaji mafuta ili mwili uipate. Ongeza nyanya au kamua ndimu, nayo husaidia mwili kupata madini ya chuma. Chai ya majani huzuia madini hayo, kwa hiyo inywe saa moja baada ya chakula. Mtoto aliyetimiza miezi sita mpondee mboga, huku ukiendelea kumnyonyesha.

Jambo moja usilisahau. Mtoto akijikwaa jioni kwa kutoona, au akiwa na viganja vyeupe visivyo na damu, usingoje mboga ziote. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Vitamini A ya matone, inayotolewa kila miezi sita hadi mtoto afikishe miaka mitano, bado inahitajika. Na mama mjamzito aendelee kumeza vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki.

Basi msikilizaji, tafuta gunia lako wiki hii. Kipindi kijacho tutazungumzia usafi wa maji ya kunywa. Hadi hapo, nakutakia afya njema.