Kupanda kunachosha, kushuka kunaumiza

Barabara ya lami kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay ina urefu wa kilomita zipatazo 66. Abiria anayepanda basi asubuhi huondoka amevaa sweta kwa baridi ya milima ya Umatengo, na akifika ziwani sweta limeshakunjwa mapajani. Mbinga iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ilhali uso wa Ziwa Nyasa haufiki mita 500. Anayejiandaa kwa marathoni, yaani kilomita 42 na mita 195, akiifanya barabara hiyo uwanja wake wa mazoezi atajifunza mambo ambayo uwanja tambarare wa shule hauwezi kumfundisha.

Kijana aliyekimbia upande huo Jumamosi atakwambia kwamba mlimani aliteseka, na mteremkoni ndiko alikopumzikia. Mtazame Jumatatu akishuka ngazi za ofisi. Anashuka kiubavu, mkono umeshika ukuta, mguu mmoja unatangulia na mwingine unaburutwa. Akitaka kuketi anajiachia tu kitini, kwa kuwa mapaja yamegoma. Ukimuuliza ana nini, atasema asidi imejaa kwenye misuli. Maelezo hayo yamezagaa viwanjani, hata baadhi ya walimu wa michezo huyarudia, lakini si sahihi. Lakteti, ambayo ndiyo inayolaumiwa kwa jina la asidi, hutengenezwa misuli inapofanya kazi kwa kasi, na mwili wenyewe huitumia kama nishati. Saa moja hivi baada ya kusimama, kiwango chake kwenye damu kinakuwa kimesharudi kawaida. Kitu kilichoondoka Jumamosi mchana hakiwezi kukuamsha kwa maumivu Jumapili usiku.

Sababu yenyewe iko kwenye ule mteremko. Unapopanda, misuli ya mbele ya paja hujikaza na kufupika huku ikikusukuma juu. Kazi hiyo hula nishati nyingi, moyo unadunda, pumzi zinakatika, na ndiyo maana tunaiona kuwa ndiyo kazi. Unaposhuka, misuli hiyohiyo hukaza ili goti lisikunjike chini yako, lakini uzito wa mwili nao unaivuta irefuke. Inakaza huku inavutwa. Dereva wa lori lililojaa mahindi, akiukabili mteremko wa kwenda ziwani, huweka gia nzito ili injini izuie mzigo na breki zisiungue. Mkimbiaji hana gia hiyo. Breki zake ni nyuzi za misuli ya paja, na kila hatua inaziachia majeraha madogo mno yasiyoonekana kwa macho. Mwili ukianza kuyatengeneza, sehemu ile huvimba kidogo, neva zake zinakuwa nyepesi kuhisi, na maumivu hufikia kilele kati ya saa 24 na 72 baada ya mbio.

Hata hivyo misuli haichelewi kujifunza. Mteremko mmoja tu uliokuumiza huacha kinga inayodumu kwa wiki kadhaa, na ukirudia zoezi lilelile, maumivu hupungua sana. Kwa hiyo anayekaa Mbinga ana mwalimu mlangoni, mradi asimwendee kwa pupa. Tafuta kilima cha mita 300 au 400, ushuke mara tatu nne kwa mwendo wa wastani na hatua fupi, miguu ikitua chini ya mwili badala ya kurushwa mbele, kisha uache. Mara moja kwa wiki inatosha, na wiki mbili tatu kabla ya mbio usiyaguse kabisa mazoezi ya kushuka. Waliolelewa kwenye miteremko ya mashamba ya ngoro, yale ya mashimo ya Wamatengo, wakipanda na kushuka na jembe begani tangu utotoni, wameanza somo hili mapema kuliko mwenzao aliyekulia Dar es Salaam.

Maumivu ya marathoni yakizungumzwa, wasomaji wengi watamtaja Mtanzania John Stephen Akhwari wa Mbulu, na wana haki. Tarehe 20 Oktoba 1968, wanariadha 75 walianza marathoni ya Olimpiki jijini Mexico City. Jiji hilo liko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na kila pumzi huko huingiza oksijeni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na pwani. Misuli ya Akhwari ilianza kubana. Kisha, kabla ya nusu ya mbio, wakimbiaji wakigombea nafasi, akaanguka. Goti likaumia na kuteguka, bega likagonga barabara. Akafungwa bandeji akaendelea, mara akikimbia, mara akitembea, mara akichechemea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani watu wengi wameshaondoka, akamaliza kwa saa 3:25:27, wa 57 na wa mwisho. Wengine 18 hawakufika. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule aanze mbio tu, ilimtuma azimalize.

Kwa maoni yangu, kisa hiki tumezoea kukisimulia nusu. Tumeikumbuka bandeji, tukamsahau mwanariadha. Akhwari hakwenda Mexico baada ya mazoezi ya wiki mbili. Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1970 huko Edinburgh, alishika nafasi ya tano kwenye marathoni. Mwili uliostahimili yale ulikuwa umejengwa kwa miaka. Mtanzania mwenzake Alphonce Simbu naye alikuwa wa tano kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 na akapata shaba ya dunia London mwaka 2017, lakini dhahabu ya dunia aliisubiri hadi Tokyo, Septemba 2025, alipomtangulia Mjerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Anayejisajili leo kwa mbio za mwezi ujao, goti likamuuma kilomita ya 15, akajiambia "mbona Akhwari alimaliza", anadai mwisho wa hadithi ambayo mwanzo wake hakuufanyia kazi.

Turudi kwenye misuli kubana, kwani nayo ina porojo zake. Wengi husema ni upungufu wa chumvi. Watafiti wa Afrika Kusini waliowapima wakimbiaji wa masafa marefu, waliobanwa na wasiobanwa, hawakukuta tofauti ya maana ya maji na chumvi mwilini. Maelezo yenye nguvu zaidi kwa sasa ni kwamba misuli iliyochoka hupotezana na neva zinazoiamuru, na amri ya kukaza inakuwa kubwa kuliko ya kulegea. Ndiyo maana kuivuta taratibu na kuinyoosha hufungua mkazo hapohapo, wakati chumvi uliyolamba bado iko tumboni. Wanaobanwa zaidi ni wale wanaoanza mbio kwa kasi ambayo hawakuifanyia mazoezi.

Kuna pia uchovu wa ghafla wa kilomita ya 30 na kuendelea, miguu inapokuwa mizito na akili inaanza kuhesabu nguzo za umeme. Wanga unaohifadhiwa kwenye misuli na ini hutoa takribani kilokalori 2,000 hivi, na kwa watu wengi hazitoshi kumaliza marathoni. Dawa yake ni kula wanga siku mbili za mwisho, iwe ugali, viazi vitamu, ndizi au wali, na kuongeza kidogo kidogo njiani. Usipa, samaki wadogo watamu wa Nyasa, wana protini ya kukarabati misuli baada ya mbio, ila wao si mafuta ya safari. Kahawa nayo inasaidia. Kafeini imethibitika kupunguza hisia ya uchovu kwenye mbio ndefu, na inachekesha kidogo kwamba zao hili la Mbinga husafirishwa kwa wingi kwenda kuwaamsha wakimbiaji wa Ulaya, sisi tukinywa chai.

Joto la ziwani lisichukuliwe kwa mzaha. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kuzoea joto, kwa kutoa jasho mapema na kwa wingi zaidi. Aliyejifua kwenye ukungu wa Umatengo kisha akashuka kukimbia Liuli au Mbamba Bay kesho yake anakwenda na mwili wa baridi. Maji anywe anaposikia kiu, asijilazimishe kila kituo. Katika marathoni ya Boston ya 2002, kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu baada ya kumaliza, asilimia 13 walikuwa na sodiamu pungufu, na kilichochangia zaidi ni kunywa kupita kiasi hadi wengine wakamaliza wakiwa na uzito mkubwa kuliko walioanza nao.

Maumivu yapi basi ya kuvumilia? Yanayosambaa kwenye misuli ya miguu yote miwili na kupungua ukipunguza mwendo, hayo ni ya kazi. Ya nukta moja juu ya mfupa, hasa ugoko au unyayo, yanayouma hata usiku umelala, yanaweza kuwa ufa wa mfupa, na ufa huo ukiukimbilia huvunjika kweli. Goti linalokwama au kuvimba siku hiyohiyo lisilazimishwe. Kifua kikibana, au mwenzako akianza kuongea maneno yasiyoeleweka juani, mbio zimekwisha hapo. Mwenye dalili za joto kali apozwe kwa maji mengi wakati msaada unatafutwa. Mkojo ukitoka na rangi ya kola siku moja au mbili baadaye, nenda hospitali bila kuchelewa, kwani misuli iliyoharibika sana huachia vitu vinavyoziba figo. Na ukiwa na homa usikimbie hata kilomita tano. Ukanda wa ziwa una malaria, na kipimo chake hupatikana zahanati kwa dakika chache.

Jambo linalonisumbua zaidi ni vidonge. Mtu ananunua diklofenaki au ibuprofeni duka la dawa, anameza viwili kabla ya kuanza "ili goti litulie". Dawa za kundi hilo hupunguza damu inayopita kwenye figo, na wakati huo jasho limeshapunguza maji mwilini. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio la wakimbiaji 89 wa mbio zinazozidi marathoni. Kati ya waliopewa ibuprofeni, asilimia 52 walionyesha dalili za figo kujeruhiwa, dhidi ya asilimia 34 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Zaidi ya hapo, kidonge kinanyamazisha goti lililokuwa likikwambia usimame.

Baada ya mbio za ziwani, kishawishi ni kutumbukiza miguu majini. Ubaridi unatuliza kweli, lakini Ziwa Nyasa lina kichocho, hasa kwenye maji yaliyotulia penye majani na konokono, na vijidudu vyake hupenya ngozi kwa dakika chache. Afadhali ndoo ya maji ya kisima. Aliyekwisha kuingia akapime baada ya wiki sita hadi nane. Tiba yake, prazikwanteli, inajulikana vizuri.

Ubongo nao hufanyishwa mazoezi. Mwaka 2014, watafiti wa Australia waliwapa watu mazoezi ya baiskeli ya nusu saa, mara tatu kwa wiki, kwa wiki sita. Kiwango ambacho watu hao walianza kusikia maumivu hakikubadilika hata kidogo, ila muda waliokubali kuyastahimili uliongezeka. Waliendelea kuumia vilevile, ila maumivu yaliacha kuwatisha.

Na ubongo huohuo husahau. Huko Poland, wakimbiaji 62 waliulizwa ukali wa maumivu yao dakika chache baada ya kumaliza marathoni ya Kraków ya 2012, kisha wakaulizwa tena baada ya miezi mitatu au sita. Mara ya pili walitaja maumivu madogo kuliko waliyoyataja wakiwa bado wanahema. Kwa hiyo weka daftari, uandike jioni hiyohiyo kilichouma, kilomita ya ngapi, na ulikuwa umejifua vipi. Na rafiki yako akikushawishi kwamba mbio za mwaka jana hazikuwa na shida, mtafute aliyemshika mkono Jumatatu kumshusha ngazi.