Ubunifu hauna upande wake kwenye ubongo

Huenda umewahi kuambiwa, au umejiambia mwenyewe: "Mimi ni mtu wa hesabu, natumia ubongo wa kushoto. Mambo ya kubuni siyawezi." Hebu tulipime dai hilo.

Chukua tofali moja. Mbali na kujengea, linaweza kufanya kazi gani nyingine? Jipe dakika mbili. Kuzuia mlango usijifunge? Hilo karibu kila mtu atalisema. Kulisaga upate unga mwekundu wa kuchorea? Hapo sasa!

Ukiwa unatafuta majibu, mitandao mitatu ya ubongo inafanya kazi. Wa kwanza huchangamka ukiwa umekaa tu, unakumbuka ya jana au unawaza ya kesho. Marcus Raichle na wenzake waliueleza mwaka 2001. Huo ndio unaochota kumbukumbu na kuziunganisha. Wa pili ni wa udhibiti: unashika lengo na kukataa majibu yasiyofaa. Wa tatu hunasa lililo muhimu na kusaidia kupokezana zamu kati ya hiyo miwili.

Sasa cha ajabu ni hiki: mara nyingi mtandao wa kwanza ukipanda, ule wa udhibiti hushuka. Lakini mwaka 2018, Roger Beaty na wenzake walichapisha utafiti wa watu 163 waliotafuta matumizi mapya ya vitu vya kawaida wakiwa ndani ya mashine ya MRI. Kwa wale waliotoa mawazo ya kipekee zaidi, mitandao yote mitatu iliwasiliana kwa nguvu zaidi. Na mitandao hiyo imesambaa kulia na kushoto. Kwa maneno mengine, anayewaza ovyo na anayekagua wanakaa meza moja.

Je, hii ina maana kwamba wengine wamezaliwa hivyo na wewe basi? Hapana. Picha ya ubongo inaonyesha uhusiano tu, haisemi kipi kilisababisha kipi.

Kuna jambo jingine ambalo tafiti zimelionyesha mara nyingi: majibu ya mwanzo huwa ya kawaida, kwa sababu ndiyo yaliyo karibu kwenye kumbukumbu. Ya kipekee huja baadaye. Kwa hiyo ukikwama kwenye jibu la tano la tofali lako, usifunge daftari. Tafuta la sita.