Kidonge Hakijui Goti Liko Wapi

Wajukuu zangu, sogeeni hapa kivulini niwape hadithi ya kijana wa Hombolo, Dodoma, na goti lake.

Kijana huyu alishinda shambani akivuna zabibu, kazi ya kuinama na kuchuchumaa kutwa nzima. Jioni goti likavimba. Asubuhi, kabla hata hajaonja uji, akachukua kidonge cha diklofenaki kwenye dawa za bibi yake, akakimeza, akarudi shambani. Jua la Dodoma mnalijua, na maji hakunywa ya kutosha. Mchana goti likamuuma tena, akanunua ibuprofeni dukani, akaongeza. Usiku tumbo likamwaka moto.

Tulieni sasa, hapa ndipo penyewe. Goti linapoumia, mwili hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, na hizo huchochea uvimbe, joto na maumivu. Mwaka 1971 John Vane, mwanasayansi wa Uingereza, alionyesha kwamba aspirini huuzuia mwili usizitengeneze. Mwaka 1982 akapata Tuzo ya Nobeli pamoja na wenzake wawili. Diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu wa aspirini, nazo hufanya vivyo hivyo.

Lakini prostaglandini zina kazi nyingine njema. Tumboni hulinda ukuta wake usichomwe na asidi. Kwenye figo husaidia mishipa ya damu ibaki wazi, hasa mwili unapopungukiwa maji. Dawa ikishaingia kwenye damu huzunguka mwili mzima, wala haichagui goti peke yake. Ni sawa na kufunga maji ya kijiji kizima kwa sababu bomba la nyumba moja linavuja. Basi kijana wetu, mwenye njaa na kiu, alizima ulinzi wa tumbo na figo zake, tena mara mbili kwa siku moja!

Bibi alipojua hakumgombeza. “Mjukuu wangu, hizi niliandikiwa mimi,” alisema, akampeleka zahanati.

Tabibu alimuuliza maswali mengi: umekula nini, una pumu, umewahi kuwa na vidonda vya tumbo, umemeza dawa gani nyingine? Akamwambia asichanganye ndugu hawa kamwe. Hutumika mmoja tu, baada ya chakula, kwa kiasi kidogo kinachotosha na kwa siku chache. Mtoto hupimwa uzito kwanza, na aspirini hapewi bila daktari kusema. Mama mjamzito asimeze dawa hizi bila kumwuliza mhudumu wa afya. Mwenye homa apimwe kwanza, maana homa ikiwa ya dengi, dawa hizi huongeza hatari ya kutoka damu.

Nanyi msome maandishi ya pakiti, hata yawe madogo namna gani. Vipo vidonge vyenye diklofenaki na parasetamoli pamoja, na asiyesoma hujikuta amerudia dawa ileile. Choo kikiwa cheusi kama lami, ukitapika damu, au mkojo ukipungua sana, ni hospitali siku hiyohiyo. Goti lililovimba pamoja na homa nalo lisingoje kesho.

“Na likiniuma tena wakati wa mavuno?” kijana akauliza.

“Lipumzishe,” tabibu akamjibu, “uliinue, uliwekee kitambaa cha maji baridi. Kisha uje nilione.”