Muuaji wa mfululizo: anazaliwa hivyo ao anatengenezwa?

Mwezi wa 9 mwaka 2023, wachunguzi wa Rwanda waligundua shimo ndani ya nyumba ya kukodi kule Kanombe, katika muji wa Kigali. Ndani ya shimo mulikuwa miili ya watu. Mwezi wa 3 mwaka 2024, mahakama ilimuhukumu mupangaji wa nyumba ile, Denis Kazungu, kifungo cha maisha kwa kuua watu 14. Karibu wote walikuwa wanamuke.

Kigali haiko mbali. Habari ilivuka mupaka, na swali likawa lilelile sokoni, kwenye taximoto na nyumbani: mutu wa namna gani anafanya mambo haya? Wengine walisema ni bulozi. Wengine walisema ni damu mubaya, mutu anazaliwa nayo. Wengine tena walisema ni utoto wa taabu.

Jibu lina uzito, zaidi sana hapa mashariki mwa Congo. Watoto wengi wameona vita, wengine walibeba bunduki, wengine wanalala inje. Kama tunaamini kama taabu inazaa muuaji, basi kila maibobo na kila kadogo wa zamani tayari amehukumiwa. Kumbe masomo yaliyofanywa kwa miaka mingi yanaonyesha kitu kingine.

Nani anaitwa muuaji wa mfululizo?

Mwaka 2005, polisi ya upelelezi ya Marekani, FBI, ilikusanya wataalamu wa nchi mbalimbali. Walipatana juu ya maana hii: ni mutu anayeua watu wawili ao zaidi, kila mara kwa wakati wake. Kati ya mauaji na mauaji anarudi kwenye maisha ya kawaida. Anaenda kazini, anasalimia majirani, anakula na jamaa.

Njo tofauti yake na mutu anayeua wengi siku moja. Iko tofauti pia na mupiganaji anayeua ndani ya kikundi, kwa amri ya mukubwa wake. Kwa muuaji wa mfululizo hakuna amri. Sababu iko ndani yake mwenyewe: kutafuta kutawala mwili wa mwingine, tamaa ya ngono, feza, hasira ao raha ya kuona mwingine anaogopa.

Historia ya Moses Sithole

Afrika ya Kusini iliona mutu kama huyu. Katika miaka ya 1994 na 1995, miili ya wanamuke ilianza kuonekana kwenye majani karibu na Pretoria na Johannesburg: Atteridgeville, Boksburg, Cleveland. Mwezi wa 10 mwaka 1995 polisi ilimukamata Moses Sithole. Mwezi wa 12 mwaka 1997 mahakama ilimukuta na kosa la mauaji 38 na ubakaji 40. Alipewa kifungo cha miaka 2,410.

Alizaliwa mwaka 1964 katika Vosloorus. Baba yake alikufa Moses akiwa mutoto mudogo. Mama alishindwa kulisha watoto, akawaacha kwenye kituo cha polisi. Walipelekwa kwenye nyumba ya mayatima, na baadaye Moses alisema aliteswa kule. Alitoroka, akaenda kutafuta kazi.

Mutu anaweza kusema: basi, ni utoto. Lakini Moses hakuwa peke yake kwenye kituo kile cha polisi. Ndugu zake waliachwa pamoja naye, wakapoteza baba yuleyule na mama yuleyule. Moses peke yake njo alihukumiwa kwa mauaji yale. Taabu inaeleza kitu fulani, lakini haielezi yote.

Breki ya ubongo

Ndani ya kichwa, nyuma ya paji la uso, kuko sehemu ya ubongo inayofanya kazi kama breki. Hasira ikipanda, sehemu hiyo inasema: ngoja, fikiri, kesho itakuwa namna gani? Chini zaidi, katikati ya ubongo, kuko sehemu ndogo sawa haragi kubwa, inaitwa amigdala. Hiyo inatuonya hatari na inatusaidia kusoma woga kwenye uso wa mwingine.

Mwaka 1997, mwanasayansi Adrian Raine na wenzake kule Marekani walipiga picha za ubongo wa wauaji 41, wakazilinganisha na za watu 41 wa kawaida. Kwa wauaji, kwa jumla, sehemu ile ya breki ilikuwa inafanya kazi kidogo. Masomo mengine yaliona kama kwa watu wenye roho baridi sana, wale wataalamu wanaita saikopati, amigdala ni ndogo ao inaamka polepole. Mutu kama huyo anaona machozi ya mwenzake, lakini ndani yake hakuna kitu kinachomugusa.

Lakini Raine alikutana na jambo la kushangaza. Alipata picha ya ubongo wa Randy Kraft, mutu aliyehukumiwa California mwaka 1989 kwa kuua wanaume 16, wengi wao vijana. Breki ya Kraft ilikuwa nzima. Njo sababu, kwa mawazo ya Raine, aliweza kupanga, kutunza kazi yake na kukwepa polisi miaka mingi. Tena, Raine alipoangalia picha ya ubongo wake mwenyewe, ilifanana na ya Kraft. Mumoja ni muuaji, mwingine ni mwalimu wa chuo kikuu. Picha ya ubongo peke yake haiwezi kusema nani atamwanga damu.

Na saikopati si mwenda wazimu. Anajua sawasawa kile anachofanya, na anajua kama ni kosa. Saikopati wengi hawaui mutu hata mara moja. Na mugonjwa wa akili anayezunguka barabarani akiongea peke yake, mara mingi yeye njo anapigwa na kuibiwa, hata kuliko kuumiza wengine.

Damu mubaya iko?

Wazee wanasema kama mutoto wa nyoka ni nyoka. Wanasayansi walitafuta ukweli wa neno hilo ndani ya jeni, ni kusema yale maagizo madogo ya mwili tunayorizi kwa baba na mama. Moja wapo inaitwa MAOA. Inasaidia ubongo kusafisha kemikali zinazobeba habari ndani yake. Kwa watu fulani inafanya kazi kwa nguvu, kwa wengine inafanya kazi kidogo.

Kule Dunedin, New Zealand, watafiti walifuata zaidi ya watoto 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973, tangu utoto mpaka ukubwa. Mwaka 2002 walitangaza matokeo juu ya wavulana. Wale wenye jeni dhaifu na ambao waliteswa utotoni walikuwa wenye jeuri zaidi wakiwa watu wazima. Lakini wale wenye jeni ileile dhaifu waliolelewa muzuri hawakuwa wabaya kuliko wengine.

Tufikirie mbegu na udongo. Mbegu peke yake haioti juu ya sima. Jeni inaweza kuongeza hatari, lakini namna mutoto anavyolelewa njo inaamua mambo mengi. Na hakuna jeni hata moja inayojulikana kama jeni ya kuua.

Utoto, upweke na mawazo

Katika miaka ya nyuma, wapelelezi wa FBI, mumoja wao akiwa Robert Ressler, waliingia gerezani kuongea na wauaji 36, wengi wao wa namna hii. Ressler huyohuyo njo aliitwa Afrika ya Kusini mwaka 1995 kusaidia kwenye kesi ya Sithole. Wengi kati ya wale 36 walieleza kupigwa, kubakwa, ao kukosa mutu mukubwa wa kuwapenda. Walieleza pia upweke. Mutoto asiye na mutu wa kuambia uchungu wake anajijengea dunia ndani ya kichwa, na katika dunia ile yeye njo mukubwa, wengine ni vitu. Mawazo yanarudi kila siku, yanakomaa. Siku moja anayajaribu. Kama hakuna mutu anayemushika, anarudilia.

Kuko pia imani moja ya kuachana nayo. Mwaka 1963, munganga John Macdonald aliandika juu ya alama tatu za mutoto: kukojoa kitandani, kuwasha moto na kutesa wanyama. Watu wakazikamata kama unabii. Masomo ya nyuma hayakuthibitisha hivyo. Mutoto anayekojoa usiku, zaidi sana baada ya kukimbia vita, mara mingi ni mutoto mwenye woga. Kumupiga na kumuhaibisha ni kumuongezea kidonda. Lakini mutoto anayetesa wanyama mara kwa mara na kufurahia anahitaji kusikilizwa mapema, bila kumuita muuaji.

Na watoto wa bunduki?

Swali hili liliulizwa hapahapa. Watafiti wa chuo kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walifanya kazi na wapiganaji wa zamani katika muji wa Goma. Waliona kama wale walioingia kwenye vikundi wakiwa wadogo, mara mingi walikuwa wamezoea jeuri mpaka kuiona tamu. Neno hilo ni chungu, lakini halikuwa la mwisho.

Watafiti walijaribu nao matunzo ya kueleza maisha. Kamba inalazwa chini, kamba ile ni maisha ya mutu. Fasi ya furaha anaweka ua, fasi ya maumivu anaweka jiwe, fasi aliyotenda ubaya anaweka kijiti. Kisha anasimulia yote, kidogo kidogo, mbele ya mutu anayesikiliza. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013 yalionyesha kama waliopata matunzo walipunguza mateso ya kumbukumbu na waliishi vizuri zaidi na raia. Kile mutu alichofundishwa na vita, anaweza kusaidiwa kukiacha.

Kitu cha tatu

Ubongo na utoto havitoshi kueleza wauaji hawa. Kuko kitu cha tatu: barabara ambayo hakuna mutu anayeuliza. Sithole alikuwa tayari amefungwa kwa ubakaji mwaka 1989, akatoka mwaka 1993. Alikuwa anaahidi kazi kwa wanamuke wasio na kazi, kisha anatembea nao mchana mpaka kwenye majani. Kazungu alipata watu kwenye baa. Wote wawili walichagua watu ambao walizani hakuna mutu atawatafuta haraka.

Damu ya mutoto hakuna mutu anaweza kuibadilisha. Lakini mambo mawili yaliyobaki yako mikononi mwa watu. Mutoto aliyeona mabaya anaweza kupata mukubwa mumoja wa kumusikiliza: shangazi, mwalimu, katekista, jirani. Kama uzito unazidi, kuko nyumba za matunzo ya akili, kama SOSAME ya Bukavu na Tulizo Letu ya Goma. Na musichana akikosa kurudi nyumbani, jamaa ijulishe shefu wa kartie na polisi siku ileile, hata kama ni musichana wa baa, hata kama watu wanasema alifuata mwanaume. Muuaji wa mfululizo anaishi kwa neno moja tu: «atarudi mwenyewe».