Treni ikikwama, tusilaumu jina la kiwanda pekee

Hapa Galbet hatuna reli, lakini tunaisubiri. Mradi wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu Machi 2012, unakusudia kupitisha reli Garissa kuelekea Isiolo. Kila yanapozuka mazungumzo ya reli, mtu huuliza: je, treni za Wachina zitadumu? Kwa maoni yangu, swali hilo halitoshi.

Tuanze na injini yenyewe. Injini nyingi za treni nchini ni za dizeli na umeme kwa pamoja: dizeli huzungusha jenereta, nao umeme wake huzungusha mota za magurudumu. Treni ya abiria wa mjini huumia zaidi kwa sababu husimama na kuondoka kila baada ya kilomita chache. Breki na mota hazipumziki. Ongeza vumbi linaloziba chujio za hewa, na joto kama letu la kupita nyuzi 35, utaona kwa nini injini inahitaji fundi kila mara.

Tazama Nairobi. Reli ya zamani ina upana wa mita moja, hivyo si kila treni inayouzwa duniani itapita juu yake. Mwaka 2020 Kenya ilileta treni zilizokwisha tumika katika kisiwa cha Mallorca, Hispania, ambako reli nayo ni ya mita moja. Ziliundwa na kampuni ya CAF. Kununua mtumba si kosa, ila lazima ujue vipuri vyake vitatoka wapi.

Kwenye reli hiyohiyo ya zamani zipo injini za GE ya Marekani, zilizoundwa miaka ya 1970 na 1980. Zimedumu kwa sababu aina hiyo imeenea Afrika, na mafundi wetu wameizoea miaka mingi. GE yenyewe iliunganisha biashara yake ya treni na Wabtec mwaka 2019.

Reli ya kisasa ya Mombasa–Nairobi, iliyoanza 2017, inatumia injini za CRRC ya Uchina. Tanzania nayo ilichagua treni za umeme za Hyundai Rotem ya Korea Kusini, zilizoanza safari za Dar es Salaam–Morogoro mwaka 2024. Huko, umeme ukikatika, hata treni mpya kabisa husimama.

Wenye malori hapa Garissa wanalijua jambo hili vizuri: gari zuri ni lile ambalo spea zake zinapatikana na fundi wake yuko karibu.

Basi viongozi wetu wakija kutuahidi treni, tusiishie kuuliza imetoka nchi gani. Tuwaulize: vipuri vitawekwa wapi? Vijana wetu watafunzwa ufundi huo? Mkataba unamlazimisha mtengenezaji kuhudumia injini kwa miaka mingapi? Majibu hayo yaandikwe kabla ya pesa kutoka.