Toyota IST kijijini: wenye magari wanasema nini kabla hujauza mazao ukanunue

Kila msimu wa mavuno unapoisha, simu zinazoingia studioni hubadilika. Kabla ya mavuno tunaulizwa kuhusu mbolea na mvua, baada ya mavuno tunaulizwa kuhusu magari. Na gari linalotajwa kuliko mengine yote ni Toyota IST. Msikilizaji mmoja alituambia hivi: "Nimeuza ufuta, nimepata IST ya namba D, dalali anasema haina shida hata kidogo. Nichukue?"

Swali hilo hatuwezi kulijibu kwa ndiyo au hapana, maana gari lenyewe hatujaliona. Lakini tumewasikiliza wenye IST wanaoishi mbali na lami, pamoja na mafundi wanaozitengeneza, na maneno yao yanafanana sana. Tumeyaandika hapa ili uweze kuyasoma tena kwenye simu ukiwa umesimama mbele ya gari unalotaka kununua.

Kwanza, gari lenyewe. IST ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002, ikiwa imejengwa juu ya msingi wa Vitz, gari dogo la mjini. Marekani ilipelekwa kwa jina la Scion xA. Toleo la pili lilitoka mwaka 2007, na utengenezaji ukasimama mwaka 2016. Kwa hiyo IST mpya haipo tena. Zile za umbo la kwanza, ambazo ndizo zimejaa barabarani kwetu, zote zimeshapita miaka kumi na mitano. Unanunua gari la watu watano lililotengenezewa barabara za mjini Japani, na sasa ni la makamo.

Pamoja na hayo, sifa yake si uongo. Injini zake zinatoka katika ukoo uleule wa injini za NZ uliomo kwenye Vitz, Probox na Raum. Fundi wa wilayani anaijua hata gizani, na spea zinapatikana, mpya na za mtumba. Injini hiyo inatumia cheni ndani, si mkanda wa kubadilishwa kila baada ya kilomita kadhaa. Ukibadilisha oili kwa wakati, cheni hiyo hudumu muda mrefu sana. Usipobadilisha, inaanza kupiga kelele kama mtu anayetikisa sarafu kwenye kopo, hasa asubuhi unapowasha.

"Haijawahi kuniacha njiani"

Mama mmoja mwenye duka la jumla, anayeishi kilomita 38 kutoka barabara ya lami, ana IST kwa mwaka wa sita sasa. Alituambia kwa fahari kwamba haijawahi kumwacha njiani. Tukamwuliza amebadilisha nini katika miaka hiyo. Akaanza kuhesabu: shokapu za mbele mara mbili, za nyuma mara moja, bushi karibu kila mwaka, stabilaiza linki hazihesabiki, injini mauntini mbili, raba za draivshafti, rimu moja iliyopinda, na sampo iliyopasuka kwa jiwe. Alipofika kwenye sampo akacheka, akasema, "Kumbe nimetumia hela nyingi!"

Hapa ndipo tunapoona watu wengi wanajidanganya bila kukusudia. IST inasifiwa kwa sababu injini haisumbui, na mwenye gari akiulizwa anazungumzia injini. Vitu vya chini havitaji, maana havimlazi njiani. Vinamla polepole, elfu thelathini leo, elfu sabini mwezi ujao. Barabara ya vumbi yenye makorongo haiui IST kwa siku moja, inaitafuna kuanzia chini.

Kwa hiyo tunamshauri msikilizaji wetu asinunue gari kwa fedha yote aliyo nayo. Mafundi tuliozungumza nao walikuwa na msimamo mmoja: gari la umri huu, hata likiwa zuri, litahitaji matengenezo ya kuanzia mara tu linapofika kwako. Oili na filta, maji ya rejeta, plagi, breki, tairi mbili au nne, na kitu fulani cha chini. Kama umebakiwa na nauli tu ya kurudi nyumbani, gari hilo bado hujalimudu.

Baba mmoja alijifunza hilo kwa uchungu. Aliuza maksai wawili na mahindi yote, akanunua IST nyeupe inayong'aa. Wiki ya tatu akawa anampeleka mkewe mjamzito hospitali ya wilaya usiku. Kabla hawajafika nusu ya njia, mvuke ukaanza kutoka chini ya boneti. Mke alimaliza safari kwa bodaboda, na tunashukuru alijifungua salama. Gari lilivutwa hadi kijijini, na tulipozungumza na mwenyewe lilikuwa bado limeegeshwa chini ya mwembe.

Fundi alipofungua alikuta rejeta imejaa kutu. Mmiliki wa zamani alikuwa akijaza maji ya kisima badala ya kuleanti, na thamostati ilikuwa imeondolewa kabisa. Hii ya kuondoa thamostati ni desturi mbaya iliyoenea kwenye gereji zetu. Kazi yake ni kuzuia maji mpaka injini ipate joto lake, kisha kuyaruhusu yazunguke. Ikitolewa, injini inakaa baridi kwa muda mrefu, inakula mafuta zaidi na inachakaa mapema. Mara nyingi huondolewa ili kuficha tatizo jingine: rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka au gasketi ya silinda hedi iliyoanza kuungua. Mnunuzi anaendesha mtaani dakika tano, anaona hakuna shida, analipa.

Siku ya kulikagua

Nenda asubuhi na mapema, na umwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Ukifika, gusa boneti. Ikiwa na joto, kuna kitu hukutakiwa kukisikia. Injini ya baridi ndiyo inayosema ukweli: kelele ya cheni, moshi wa kwanza, uzito wa kuwaka. Moshi wa bluu maana yake oili inaungua ndani. Mvuke mweupe kidogo asubuhi ya baridi ni kawaida, lakini usipokoma injini ikishapata joto, shuku gasketi. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona ute kama maziwa, ujue maji yamechanganyika na oili, ondoka. Kifuniko cha rejeta kifungue injini ikiwa baridi tu, usije ukaungua uso.

Kisha angalia dashibodi, maana hapo pana ujanja ambao wengi hawaujui. Ukizungusha ufunguo bila kuwasha injini, taa ya "check engine", ya oili na ya eabegi lazima ziwake, halafu zizime baada ya gari kuwaka. Dalali atakuonyesha kwa furaha kwamba hakuna taa inayowaka. Swali lako liwe kama iliwaka hapo mwanzo. Taa isiyowaka kabisa huenda imeng'olewa au imefunikwa.

Gia nyingi za IST ni otomatiki. Kanyaga breki, weka D, kisha R, injini ikiwa inanguruma taratibu. Gari linapaswa kushika mara moja, kwa utulivu. Likichelewa kisha likastuka kama limepigwa teke, gia boksi ina historia. Endesha kwenye kona kali ukiwa umekata usukani wote: mlio wa ka-ka-ka ni jointi ya draivshafti. Usiishie kwenye lami, omba kupita mahali pabovu, kwa sababu huko ndiko utakakoishi nalo.

Sasa hilo la namba D. Herufi ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho kwenye kibao inaonyesha gari lilisajiliwa Tanzania kipindi gani, si mwaka lilipotengenezwa. Gari la mwaka 2003 linaweza kuwa na namba C, D au hata E, kutegemea lilivyochelewa kuingia nchini. Namba ya karibuni ina thamani, kwa maana limepigwa na barabara zetu kwa miaka michache. Ila usilipie herufi ukidhani unalipia upya. Mwaka wa kutengenezwa utausoma kwenye kadi ya gari.

Soma pia namba ya chesisi. Kwa umbo la kwanza, ikianza na NCP60 ni cc 1300, NCP61 ni cc 1500, na NCP65 ni cc 1500 inayovuta magurudumu yote manne. Tumesikia zaidi ya mara moja mtu kauziwa ya 1300 kwa bei ya 1500. Kilomita za kwenye dashibodi usizitegemee peke yake, zinarudishwa nyuma. Tazama pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva. Raba ya pedali ikiwa imelika hadi chuma, huku dashibodi inasema kilomita 70,000, amini pedali.

Kunyanyua, mafuta na kuuza tena

IST iko chini. Barabara yenye tuta katikati ya njia mbili za matairi itakwangua tumbo lake, na dawa ambayo wengi wametumia ni kuweka spesa ili kuinyanyua. Inasaidia, na wengi hawajutii. Lakini kadiri unavyoinyanyua ndivyo draivshafti zinavyokaa mshazari na kulika, na ndivyo gari linavyoyumba kwenye kona. Spesa za wastani zilizofungwa na fundi anayejua, halafu ukapima upya mlalo wa magurudumu, zinatosha. Bamba la chuma la kukinga sampo, kwa maoni yetu, lina faida kubwa kuliko spesa na ni rahisi zaidi.

Kuhusu mafuta, wenye magari hutofautiana sana, na sababu ni barabara na mzigo. Piga hesabu hivi. Safari ya kilomita 40 kwenda mjini na 40 kurudi, kwa kilomita 13 kwa lita, ni kama lita 6. Safari hiyohiyo kwenye barabara mbovu, watu watano na gunia nyuma, ukipata kilomita 10 kwa lita, ni lita 8. Zidisha kwa bei ya sheli ya kwenu, kisha zidisha kwa safari za mwezi. Wengine wakimaliza hesabu hii huamua kubaki na pikipiki, na hawajakosea.

Kinachoipa IST thamani kuliko magari mengine ya bei yake ni kwamba siku ukipata shida unaiuza. Wateja wapo, mjini na vijijini. Kama lakini kazi yako kubwa ni kubeba magunia, IST siyo gari lako. Tazama Probox, ambayo ilitengenezwa tangu mwanzo iwe gari la kazi. Wakenya wa vijijini wamelijua hilo siku nyingi.

Kabla ya kutoa fedha, hakikisha jina la kwenye kadi ni la anayekuuzia au kuna mkataba halali, angalia kama gari linadaiwa faini za barabarani na kama bima yake ni ya kweli, kisha mbadilishe umiliki TRA. Gari lenye jina la mtu mwingine si lako hata ukililipia mara mbili.

Yule msikilizaji wetu wa ufuta alikwenda na fundi saa moja asubuhi, akakuta boneti ina joto. Akaomba arudi kesho yake, gari likiwa halijawashwa. Jioni dalali akampigia kumwambia limeshapata mteja mwingine. Fedha zake bado anazo, na anaendelea kutafuta.