Uhuru (satelaiti)

Uhuru (pia: SAS-1) ilikuwa satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei zinazotoka anga-nje. Ilirushwa na NASA tarehe 12 Desemba 1970 kutoka San Marco, jukwaa la Italia lililosimama baharini karibu na Malindi, Kenya. Siku hiyo Kenya iliadhimisha miaka saba ya uhuru, na ndiyo asili ya jina.

Eksirei za nyota hazifiki ardhini kwa sababu angahewa ya Dunia inazizuia. Awali wanaastronomia walitegemea roketi ndogo zilizokaa juu kwa dakika chache tu. Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339, vikiwemo mabaki ya supanova, nyota nyutroni na makundi ya galaksi yenye gesi ya joto kali. Malindi ilifaa kwa kuwa roketi inayorushwa karibu na ikweta husaidiwa na mzunguko wa Dunia.

Tokeo mashuhuri zaidi linahusu Cygnus X-1, katika kundinyota la Dajaja. Chanzo hiki kiligunduliwa 1964, lakini Uhuru ilionyesha kwamba mng'aro wake hubadilika ndani ya sehemu ya sekunde. Kitu kinachobadilika haraka hivyo lazima kiwe kidogo, maana hata nuru huhitaji muda kukivuka. Baadaye ilitambuliwa hapo nyota jitu ya buluu inayozungukana na mwenzi asiyeonekana kila baada ya siku 5.6. Vipimo vya 2021 vinampa mwenzi huyo masi ya takriban Jua 21, nyingi mno kwa nyota nyutroni. Kwa hiyo huhesabiwa kuwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Shimo lenyewe halionekani, ila mahali pake panaonekana. Huko Nachingwea na Ruangwa, kwenye latitudo ya kusini ya nyuzi 10 hivi, Dajaja husimama upande wa kaskazini jioni za Septemba, wakati wa kiangazi. Nyota ya buluu yahitaji darubini ndogo. Upande wa kusini, mnamo Februari, huonekana Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ambamo supanova ya 1987 ilionekana kwa macho matupu.